Mbinu za kutambua fulu dume na jike na kuwazalisha nyumbani

WENGI wanaofuga samaki wa mapambo hununua wawili wakidhani wamepata dume na jike, kisha hungoja vifaranga miezi na miezi bila kuona hata kimoja. Mara nyingi kiini cha tatizo ni kwamba wawili hao ni wa jinsia moja.

Hali hii huwakumba hasa wafugaji wa fulu wadogo, samaki wa jamii moja na ngege lakini wasiozidi urefu wa kidole. Mmojawapo ni Pseudocrenilabrus multicolor victoriae, mkazi wa vinamasi na vijito vya eneo la Ziwa Victoria. Dume hufikia takriban sentimita nane, naye jike ni mdogo zaidi. Binamu yake wa Misri amefugwa Ulaya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ilhali huyu wa kwetu ni mgeni katika sebule nyingi za Kenya.

Dume aliyekomaa hung'aa ubavuni kwa rangi ya manjano na samawati. Alama ya kutegemewa zaidi ni doa jekundu au la rangi ya chungwa kwenye ncha ya pezi la chini, lile lililo nyuma ya tumbo. Jike ni wa kijivu chenye umanjano na hana doa hilo.

Hata hivyo, rangi hudanganya. Penye dume mbabe, madume wanyonge hufifisha rangi zao na kufanana na majike ili wasishambuliwe. Wapo wanaomgeuza samaki chali na kukagua tundu la uzazi, lakini kwa kiumbe mdogo hivi ni kumtesa bure. Afadhali ununue sita au wanane wakiwa wachanga, uwakuze pamoja, kisha ubakishe dume mmoja na majike wawili au watatu. Dume akiwa na jike mmoja pekee humfukuza bila kumpa nafasi ya kupumua.

Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60 latosha. Weka mchanga laini chini, mimea mingi na vigae vya chungu vya kujifichia. Maji yawe na joto la nyuzi 24 hadi 26. Ya mfereji yasitumiwe kabla ya kutolewa klorini.

Wakati ukiwadia, dume huchimba kishimo mchangani na kumchezea jike huku akitetemesha mapezi. Jike hutaga mayai machache na papo hapo huyazoa kinywani. Kisha hulidonoa lile doa la pezi, na hapo ndipo hupokea mbegu za dume zinazoyarutubisha mayai mdomoni mwake.

Kuanzia hapo jike hutambulika kwa koo lililovimba. Hali chakula kwa muda wa siku kumi hadi 14. Mhamishie tangi lake mwenyewe kwa upole, jioni taa zikiwa zimezimwa, kwa kuwa akishtuka huweza kuyatema mayai au kuyameza. Vifaranga wakitoka, kwa siku kadhaa hukimbilia kinywani mwa mama kila wanapohisi hatari. Walishe artemia walioanguliwa punde au kiini cha yai kilichochemshwa na kusagwa, lakini kidogo mno, maana masalio huharibu maji upesi.

Umeme ukikatika na pampu ya hewa kuzimika, fulu huyu hustahimili kuliko samaki wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, wamebaini kuwa wale wanaoishi katika vinamasi vya mafunjo, ambamo hewa ya oksijeni ni haba, wana matamvua makubwa kuliko wenzao wa maji yenye hewa tele. Uwezo huo ndio uliowapa maficho baada ya mbuta kuingizwa ziwani katika miaka ya 1950. Mbuta hawezi kuwafuata humo. Fulu wa aina nyingi waliokuwa maji ya wazi walitoweka katika miaka ya 1980.

Kwa sababu hiyo, usimchanganye huyu na yule wa Misri katika tangi moja, kwani huweza kuzaana na kizazi chao kikapoteza asili. Vifaranga wa ziada wapewe wafugaji wengine, wala wasimwagwe mtoni.