Je, Wajua? Chumba Kikikosa Kazi

Je, wajua kwamba kampuni ya Hewlett-Packard ilizaliwa ndani ya banda la gari? Lipo hadi leo, nyuma ya nyumba namba 367, Addison Avenue, mjini Palo Alto, California. Mwaka 1938 David Packard na mkewe Lucile walipanga sehemu ya chini ya nyumba hiyo, Bill Hewlett akalala kwenye kibanda cha uani, na banda la gari likageuzwa karakana. Mtaji wao ulikuwa dola 538. Rangi ya vifaa vyao waliikausha ndani ya oveni ya Lucile, ile ile ya kuokea nyama. Walt Disney akawa mmoja wa wateja wao wa mwanzo: studio yake ilinunua vifaa 8 vya kupimia mitambo ya sauti kwa ajili ya filamu ya Fantasia. Na Disney mwenyewe, alipofika Los Angeles mwaka 1923, alianzia kazi kwenye banda la gari la ami yake.

Si mabanda ya gari tu yaliyobadilishiwa kazi. Ukitembea London katika mitaa ya nyumba za zamani, utakanyaga vifuniko vya chuma vya mviringo, upana wake sentimita 30 hivi. Chini yake kuna ghala za makaa ya mawe zilizochimbwa chini ya njia ya waenda kwa miguu. Mchukuzi alimimina magunia kupitia tundu hilo, na vumbi halikuingia sebuleni. Moshi mzito wa Desemba 1952 uliua maelfu ya watu, sheria ya hewa safi ikapitishwa mwaka 1956, gesi na umeme vikashika nafasi, na ghala zikabaki tupu. Siku hizi kuna waliozifanya vyumba vya kufulia au stoo za mvinyo. Chumba hukaa bure hivyo, mara nyingi, kwa sababu kazi yake imekufa kabla yake.

Lakini kwangu mimi hakuna nyumba iliyoitumia nafasi kwa akili kama nyumba ya mawe ya Lamu. Upana wa chumba haukuwa hiari ya mwenye nyumba. Uliamuliwa na boriti ya mkoko. Boriti hiyo hubeba dari nzito ya matumbawe na chokaa, na huwezi kuivusha zaidi ya mita 3 hivi ikabaki salama. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Basi mafundi wakageukia ukuta wenyewe, wakauchonga zidaka, safu juu ya safu, za kuwekea vyombo vya kauri na vitabu. Nafasi ilipokwisha, walijenga wikio: chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, watu wa ndani wakapita bila kushuka njiani. Hata birika la maji la chooni lilikuwa na wapangaji, samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu. Sabule, chumba cha wageni, kilimpokea mfanyabiashara aliyekuja na jahazi akisubiri pepo zigeuke. Biashara ya majahazi imefifia, lakini nyumba nyingi za aina hiyo zimekuwa nyumba za kulala wageni, na kazi ya zamani imerudi kwa watu wengine.

Huko Hong Kong, msanifu majengo Gary Chang amefanya kinyume cha mafundi wa Lamu. Nyumba yake ni ya mita za mraba 32, ile aliyokulia pamoja na wazazi na dada zake watatu. Alining'iniza kuta kwenye reli za darini, na kwa kuzisogeza anapata mipangilio 24. Ukuta wa televisheni ukivutwa, jiko linatokea. Hana chumba kinacholala mchana.

Dar es Salaam nako, nyumba ya Kiswahili haikai bure. Chumba cha mbele kikitazama barabara yenye watu, ukuta hubomolewa, mlango wa chuma hutiwa, na kinakuwa fremu: leo saluni, mwakani wakala wa pesa za simu. Nairobi, SQ, makazi yaliyojengwa kwa ajili ya mfanyakazi wa ndani, hupangishwa mwanafunzi au kijana aliyeanza kazi.

Paris nayo ina SQ zake, ila ziko juu, chini ya mapaa ya bati la zinki, na hupandwa kwa ngazi ya nyuma. Watumishi wa ndani walipotoweka, wakaingia wanafunzi. Tangu 2002 sheria ya Ufaransa inadai chumba kikuu cha nyumba ya kupangisha kiwe na angalau mita za mraba 9 na kimo cha mita 2.20, au ujazo wa mita za ujazo 20. Naipenda sheria hiyo, kwani inamtazama atakayelala humo. Huku kwetu, stoo nyingi zinazogeuzwa vyumba vya kulala zina matundu tu karibu na dari, nayo huzibwa na maboksi. Anayetaka kumlaza humo ndugu au binti wa kazi aanze na dirisha, na lifungukie nje, si koridoni. Jiko la mkaa lisiingie kabisa: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia.