Pure ya Embu na watoto wa Kilifi

Tukitaja Meru na Embu, sisi wa Pwani twafikiria miraa na ndizi. Njaa kule itoke wapi? Lakini utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne huko amedumaa. Tumbo hushiba mahindi, mwili ukakosa madini. Tangu 1998 watafiti waliwapa wanafunzi wa Kyeni, Embu, pure (wao huiita githeri), baadhi kwa nyama, wengine kwa maziwa au mafuta. Wa nyama waliwashinda wenzao kwenye majaribio ya kufikiri.

Kitaifa, udumavu ulishuka kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022. Kilifi kwetu: 39 hadi 37. Afya i mikononi mwa kaunti tangu 2013. Nataka nionyeshwe fungu la lishe limekwenda wapi.