Weka Mguu Chini

Jana ngware nilikuwa natoka mtaani naenda jobo, nimechapa pedali hadi jasho inaingia macho. Penye njia yetu inaingilia barabara kubwa kuna kibao cha STOP, kile chekundu cha pande nane. Nikashusha gia mapema, nikafinya breki zote mbili polepole, mguu wa kushoto ukagusa lami. Sekunde mbili hivi. Nduthi ikanipita mbele, imetokea upande si wake, haina taa, imebeba wasee wawili na trei za mayai. Upepo wake nilisikia kwa magoti.

Wasee wa baiskeli wanajua kusimama inauma. Ile mbio yote umetafuta kwa mlima inaisha hapo, na kuianzisha tena ni mapaja inalipa. Dere wa mathree anakanyaga tu mafuta. Sisi tunakanyaga ugali ya jana.

Idaho, kule Marekani, waliondoa hiyo uchungu kitambo. 1982 walipitisha sheria: ukifika kibao ukiwa na baiskeli, punguza mwendo, cheki, mwenye zamu apite, alafu songa bila kusimama kabisa. Mwenye alileta hiyo idea ni Carl Bianchi, msimamizi wa korti za hilo jimbo, juu kesi ndogondogo za baiskeli zilikuwa zinasumbua majaji. Delaware ikafuata 2017, alafu majimbo mengine. Mbogi yangu inataka iletwe huku kesho asubuhi.

Mimi nawaambia bado. Hiyo sheria inafanya job ka unaweza ona mwenye anakuja. Hapa ukuta wa ploti umefika hadi kona, kibanda ya smokie imeziba kushoto, mathree imepaki mbele ya kibao yenyewe. Utapisha aje mtu hujamwona? Na manze, kwa sheria ya Kenya STOP haibagui: gari, nduthi, baiskeli, wote mnasimama.

Broo yangu mdogo ameanza kuendesha juzi. Akaniuliza mbona nasimamanga na njia iko wazi. Sikumjibu. Nikamsimamisha kando ya kile kibao, nikamwambia ahesabu nduthi zenye hakuwa ameona hadi zikafika hapo mbele yake. Tulikaa dakika tano. Akahesabu nne, alafu akaanza kukaza breki zake.