Matundu Mawili, Vyombo Vinne

Mvua ikipiga bati, studio inafungwa. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza Nyakunguru, upande huu wa Mto Mara ambako ukivuka maji umeingia Serengeti, na ukifuata barabara unatokea Nyamongo penye mgodi wa dhahabu. Studio yenyewe ni chumba kimoja cha tofali za kuchoma. Mwenyewe ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, akakataa kwenda kuhangaika na mawe ya dhahabu kama wenzake. Ukutani ametundika mablanketi mawili na godoro kuukuu la inchi nne. Pembeni yamepangwa magunia ya mahindi ya mama yake, ambayo anasema yanameza mwangwi kuliko kitu chochote alichowahi kununua. Namwamini. Gunia la kilo mia halirudishi sauti kirahisi.

Mezani kulikuwa na laptopu na saundi kadi ndogo yenye matundu mawili mbele. Sakafuni, vyombo: kinanda cha kuazima kanisani, gitaa la umeme la rafiki yake, na ritungu la nyuzi nane la mzee wa jirani, ambaye hawezi kulipiga bila kuimba. Ukihesabu na sauti ya mzee, ni vinne. Matundu mawili. Kijana alikuwa ameshashauriwa na watu watatu kwamba anunue mikisa.

Ushauri huo utaupata popote. Ingia maduka ya Kariakoo, au vuka Sirari uende hadi Luthuli Avenue, Nairobi, sema una vyombo vinne na kompyuta moja, utatolewa mikisa ya njia nane yenye waya wa USB. Inameta, ina vitufe vingi, na kwa kanisa ni kitu kizuri. Ila mikisa nyingi za bei ya chini zina jambo ambalo muuzaji halitaji: njia nane unazoziona ni za vidole vyako tu. Kwenye kompyuta zinaingia mbili, kushoto na kulia, zikiwa zimeshachanganywa kama makande. Gitaa likizidi, huwezi kulipunguza peke yake kesho yake. Umeshapika. Zipo mikisa zinazopeleka kila njia kwenye mstari wake, na bei yake inajieleza. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, swali si mikisa ina njia ngapi, bali USB inapeleka ngapi.

Rafiki mwingine alimwambia aongeze saundi kadi ya pili ya bei nafuu, mbili na mbili ziwe nne. Hesabu hiyo ni sawa sokoni, kwenye sauti si sawa. Kila saundi kadi ina saa yake ndani, inayohesabu vipande vya sauti 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na saa mbili hazitembei sawasawa hata zikitoka kiwanda kimoja. Zikitofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, wimbo wa dakika tano unamalizika zikiwa zimeachana kwa milisekunde 6. Kompyuta za Apple zina njia ya kuziunganisha mbili zionekane moja na kurekebisha tofauti hiyo. Kwenye Windows, programu nyingi za kurekodia zinakubali dereva mmoja wa ASIO, yaani kiungo kati ya programu na kadi, kwa wakati mmoja, na za pembeni zinazojaribu kuzifunga kadi mbili pamoja hufanya kazi leo, kesho zikagoma.

Nilivutiwa na jinsi kijana alivyojinasua. Aliacha kuhesabu vyombo, akahesabu nani ni lazima wapige kwa pamoja.

Kinanda alikitoa kwanza. Vinanda vingi vya siku hizi vina tundu la mraba nyuma, linalotumia waya uleule wa printa. Watu huuchomeka, wakafungua programu, wakasubiri sauti, wakakaa hadi jioni. Sauti haiji, kwa sababu katika vinanda vingi waya ule haubebi sauti. Unabeba MIDI, yaani taarifa: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, kimeachiwa lini. Lugha hiyo ya mashine ilitoka mwaka 1983, Ikutaro Kakehashi wa Roland na Mmarekani Dave Smith wakiwa mstari wa mbele kuwakutanisha watengenezaji waliokuwa wanashindana, ili kinanda cha kampuni moja kiongee na cha nyingine. Sauti yenyewe inazaliwa ndani ya kompyuta, kwenye programu. Kinanda kinaingia kwa mlango wa USB, na matundu mawili ya saundi kadi yanabaki yalivyokuwa. Ukiitaka sauti ya kinanda chenyewe, chukua jeki kubwa, chomeka kwenye tundu la kushoto lililoandikwa MONO, utakuwa umetumia tundu moja badala ya mawili.

Hapa inabidi nisimame kidogo kwenye matundu, maana ndipo pesa za wanaoanza zinapopotelea. Maiki inatoa umeme wa milivolti chache, kinanda kinatoa unaokaribia volti nzima. Ukichomeka kinanda mahali pa maiki bila kupunguza, sauti inapasuka. Ukichomeka maiki mahali pa kinanda, unasikia kwa mbali kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Gitaa lina matata ya aina yake. Koili zake hazipendi kuvutwa, kwa hiyo linataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama omu milioni moja, wakati tundu la maiki huwa na elfu chache tu. Ndiyo maana saundi kadi ina kitufe kilichoandikwa INST. Usipokibonyeza, gitaa linaingia, lakini limepoteza makali yake yote na utamlaumu mpigaji. Kitufe cha 48V ni cha maiki za kondensa. Kama maiki yako ni ile ngumu ya jukwaani, kiache. Na lile tundu dogo pembeni ya laptopu ni la hedifoni za simu. Linapokea maiki moja, basi.

Gitaa nalo likatolewa. Si lazima lipigwe pamoja na mzee. Litakuja baadaye, mpigaji akisikiliza kwenye hedifoni. Wakabaki wawili wasiotenganishika: ritungu na koo la mwenye ritungu. Matundu mawili.

Wakurya wenyewe huliita iritungu: bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili ya mti na mti wa kukingama juu, nyuzi nane. Jamaa zake wako jirani, nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii, zote za nyuzi nane. Zamani nyuzi zilikuwa kano za mnyama, siku hizi nyingi ni za nailoni ya kuvulia samaki. Halina tundu la jeki, na hapo ndipo studio ya nyumbani inapopewa mtihani. Kijana alianza kwa kubandika kwenye ngozi kile kidude bapa cha shaba kinachotolewa kwenye kengele za umeme. Kinafanya kazi, kikiingia kwenye tundu la gitaa, na kina faida moja: hakisikii mbuzi wala pikipiki. Kasoro yake ni kwamba kinasikia ngozi tu. Ule mngurumo wa chini unaokujia kifuani ukikaa mbele ya mzee, hakiujui.

Akahamia kwenye maiki, moja ya ritungu na moja ya mdomo. Tatizo likawa jingine: maiki ya mdomo inasikia nyuzi, ya nyuzi inasikia mdomo, na kwa kuwa sauti inazifikia kwa nyakati tofauti, zikichanganywa zinakulana. Mafundi wana kanuni ya zamani kwamba umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na kile inachokisikiliza. Maiki ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye ngozi, mwenzake asiwe karibu zaidi ya sentimita 60. Mzee akawa anasogezwa. Mbele, nyuma, kigoda kikahamishwa.

"Tata, naomba usogee kidogo tu nyuma."

"Mura, nimesogea tangu asubuhi. Nikisogea tena nitakuwa Serengeti."

Aliyezoea nyatiti angecheka zaidi. Mpigaji wa nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu, akagonga nayo mti wa chombo, na njuga zimefungwa mguuni. Mtu mmoja, sauti nne pamoja na koo lake. Ukitaka kila moja iwe na tundu lake utahitaji saundi kadi ya pesa nyingi, na pengine utaharibu, kwa sababu yeye hazipigi kama vitu vinne.

Waliotutangulia walilijua hilo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa asili, jenereta akiiweka mbali kwa waya mrefu ili isisikike, na maiki akiishika mkononi. Ngoma ikiwa na watu kumi, mkono wake ndio uliokuwa mikisa: unamfuata mwimbaji, unashuka kwenye nyuzi, unarudi kwa waitikiaji. Kazi hiyo ndiyo iliyojaza Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Na bendi zetu za dansi, kina NUTA Jazz na Morogoro Jazz, zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumbani, maiki za kuhesabika. Tarumbeta likizidi, hakuna kitufe cha kulipunguza baadaye. Mpigaji anarudi nyuma hatua mbili. Ninapomsikia kijana wa leo akisema hawezi kuanza bila matundu kumi na sita, huwa nakumbuka hizo hatua mbili.

Sisemi turudi huko. Kompyuta ina uwezo ambao wale hawakuota. Mistari nane ya sauti ya biti 24, vipande 48,000 kwa sekunde, inakula kama megabaiti 70 kwa dakika. Laptopu ya mtumba inabeba bila shida, na waya wa USB 2.0 una nafasi tele. Kinachoitesa ni kuchelewa. Mpigaji anapotaka kujisikia kwenye hedifoni kupitia programu, sauti inasubiri kwanza kwenye bafa, foleni ya vipande vya sauti. Kwa vipande 44,100 kwa sekunde, bafa ya vipande 256 ni karibu milisekunde 6, sawa na kusimama mita mbili kutoka kwa mwenzako, wengi hawalalamiki. Ya 1,024 ni milisekunde 23, kama mita nane, na safari ya kwenda na kurudi inazidi maradufu. Mwanamuziki hapo ataanza kuburuta. Wakati wa kurekodi, bafa ndogo. Wakati wa kuchanganya, kubwa. Saundi kadi nyingi pia zina kitufe cha kujisikia moja kwa moja kabla sauti haijafika kwenye kompyuta. Kwa laptopu dhaifu hicho ndicho kimbilio.

Mngurumo wa umeme nao una siri fupi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na vyombo viwili vikichomekwa sehemu tofauti huku vimeunganishwa kwa waya wa sauti, mngurumo huo unaingia kwenye wimbo. Vyote vikae kwenye ekstensheni moja. Mngurumo ukiendelea, chomoa chaja, laptopu itumie betri. Jioni mzee aliporekodiwa, umeme wa Nyakunguru ulikuwa umekatika, na ndiyo rekodi safi kuliko zote alizonazo kijana.

Alikosea jambo moja, akalirekebisha. Alimwekea mzee kliki ya kushika mwendo kwenye hedifoni ili baadaye kinanda kikae sawa. Mzee akapiga beti mbili, akavua. Mwendo wa ritungu unavuta na kulegea kwa jinsi maneno yanavyokuja, na mashine haina maneno. Ikabidi mzee awe msingi, wengine wamfuate yeye. Kinanda kilipoletwa, ikaonekana nyuzi nane hazikufungwa kwa kipimo cha kiwandani. Kijana hakumwambia mzee afunge upya. Aliingia kwenye sehemu ya kurekebisha sauti ya msingi ndani ya programu, akashusha kinanda kidogo kidogo hadi uzi mnene ukakubali, na noti ambazo hazikukubali hakuzibonyeza.

Gitaa liliingizwa siku iliyofuata. Siku ya tatu mzee akaitwa kusikiliza. Alivaa hedifoni juu ya kofia yake, akafumba macho. Wimbo ulipoisha akauliza:

"Huyu wa gitaa alikuwa wapi nikiwa napiga?"

"Alikuwa shambani, tata. Amepiga jana."

Mzee akaomba arudishiwe mwanzo. Akasikiliza hadi pale sauti yake inapopanda, akainua kidole.

"Hapo. Ameingia sijamwita."

Kijana alijaribu kusogeza mstari wa gitaa mbele kwa kipanya, mara moja, mara mbili. Kisha akaufuta wote, akachukua simu kumtafuta mwenye gitaa. Mzee tayari alikuwa amevuta kigoda kwenye alama ya chaki sakafuni, anakaza nyuzi.