Paka wa Bisil na Mbuzi Wanaotupa Mimba

Bisil, kwenye barabara ya Namanga, ni mji wa mifugo. Daktari wa mifugo akionekana hapo, watu hudhani kaja kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi au kondoo. Habari za kuokoa paka, kuwatafutia makao na kuwafunga uzazi huonekana kuwa shughuli za watu wa Nairobi, au labda za nyumba za ghorofa za Kitengela. Mimi naona Bisil inazihitaji zaidi, na sababu iko kwenye zizi la mbuzi.

Kuna kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii. Kilitambuliwa mwaka 1908, lakini ilichukua hadi 1970 kuthibitisha kwamba paka na jamaa zake ndio wanyama pekee ambao utumboni mwao kimelea hiki hutengeneza mayai yake. Paka hukipata kwa kula panya au ndege. Baada ya hapo, kwa wiki moja hadi tatu, kinyesi chake hutoka na mamilioni ya mayai yasiyoonekana kwa macho, na kwenye udongo wenye unyevu yanaweza kudumu zaidi ya mwaka. Paka akijisaidia juu ya nyasi kavu za akiba, mbuzi huyala pamoja na nyasi. Mbuzi mwenyewe kwa kawaida haugui. Ila akiwa na mimba, kimelea hushambulia kondo la nyuma, na mimba hutoka au mtoto huzaliwa dhaifu. (Si kila mimba inayotoka ni ya kusingiziwa paka; brusela na homa ya Bonde la Ufa nazo hufanya vivyo hivyo, na ni maabara tu inayoweza kutofautisha.)

Sasa, paka wengi huyamwaga mayai hayo kwa wingi mara moja tu maishani, wanapoambukizwa mara ya kwanza. Kisha mwili hujenga kinga. Kwa hiyo wa kuogopwa ni paka mchanga aliyeanza juzi kuwinda, wala si yule mzee anayelala juu ya magunia ya mahindi. Anayemtia paka mzee gunia na kwenda kumtupa mbali anaacha nafasi wazi, na watakaoijaza ni wachanga. Wafugaji wa kondoo Uingereza hushauriwa kubaki na paka wachache, wazima, waliohasiwa, na kufunika chakula cha mifugo.

Kwetu paka wachanga hawakosekani. Joto la paka jike huamshwa na urefu wa mchana: Ulaya wengi hupumzika majira ya baridi, lakini Bisil iko karibu na ikweta, mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Jike huweza kupata joto akiwa na miezi minne tu. Yai hutoka baada ya kupandwa, mimba huchukua kama siku 65, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Asipopandwa, joto hurudi baada ya wiki mbili tatu. Mswada wa kaunti ya Nairobi wa 2024 ulipendekeza mwenye paka amfungie ndani akiwa kwenye joto. Aliyeuandika pengine hakuwahi kulala nyumba moja na paka wa namna hiyo.

Wengi wa wanaozaliwa hawafiki mbali. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004 ulikuta kwamba robo tatu ya watoto wa paka wasio na wenyewe walikufa au kutoweka kabla ya miezi sita. Na kwa kuwa mama yao anaendelea kuzaa, kuokota na kugawa peke yake hakutoshi. Ndiyo maana KSPCA, shirika la kutetea wanyama, huwahasi kwanza kabla ya kuwakabidhi kwa wenyewe wapya.

Dume huhasiwa kwa dakika chache. Jike hulazwa usingizi kamili, hupasuliwa tumbo, hutolewa mifuko ya mayai na mara nyingi mji wa mimba pia, kisha hushonwa. Gharama iko hapo: dawa ya usingizi, nyuzi, vifaa vilivyochemshwa, na mafuta ya gari la daktari. Paka asiye na mwenyewe hukatwa ncha ya sikio akiwa bado amelala, asije akapasuliwa tena bure.

Wakipasuliwa paka wengi siku moja, yale mafuta ya gari yanagawanyika. Na siku za kuchanja mifugo watu huwa wamekusanyika tayari. Kinachohitajika ni meza moja ya ziada kivulini, chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kila paka anayeletwa, na tangazo mapema kwamba paka wasipewe chakula tangu usiku, majike wachanga waje kwanza.