Mashine ya kupulizia korosho inazingua? Kagua haya kabla ya kumwita fundi

Ubwiri unga haumsubiri fundi. Mashine ya kupulizia ikigoma kuwaka mwezi Julai, wakati mikorosho inatoa maua, mkulima wa Kitomanga mkoani Lindi anakuwa kwenye hatari ya kupoteza korosho kabla hata hazijafunga.

Ugonjwa huo unaosababishwa na fangasi hushambulia majani machanga, maua na korosho changa. Salfa ya unga hupulizwa kwa awamu, kila baada ya wiki mbili hivi. Ukiruka awamu moja kwa sababu mashine ni mbovu, ugonjwa unapata nafasi.

Habari njema ni kwamba mashine nyingi zinazogoma hazijafa. Zimeziba tu, au zimewekewa mafuta vibaya.

Inavyofanya kazi

Mashine hii ni ndugu wa ile ya kufyonza vumbi nyumbani. Zote mbili zina feni ndani inayovuta hewa. Tofauti ni kwamba ya nyumbani inakusanya vumbi, hii inalirusha juu ya mti kupitia bomba.

Feni inazungushwa na injini ndogo ya petroli ya tuu stroki. Injini hiyo haina sehemu ya peke yake ya kuweka oili, kwa hiyo oili inachanganywa na petroli. Na hapo ndipo wengi wanapoua mashine.

Mchanganyiko wa mafuta

Angalia kwenye kitabu cha mashine au kwenye mfuniko wa tangi. Ukikuta 1:25, maana yake mililita 40 za oili kwa kila lita moja ya petroli. Ukikuta 1:50, ni mililita 20 kwa lita. Kwa dumu la lita 5, hiyo ni mililita 200 au 100.

Tumia oili ya tuu stroki. Changanya kwenye dumu safi, tikisa, ndiyo umimine kwenye tangi.

Oili ikipungua, pistoni inasuguana na silinda mpaka injini inanoki. Hapo gharama ni kubwa. Oili ikizidi, utaona moshi mwingi, plagi inalowa na mashine inakuwa ngumu kuwaka.

Haiwaki? Fuata mpangilio huu

Anza na mafuta. Je, koki imefunguliwa? Petroli ni ya msimu uliopita? Petroli iliyokaa miezi mingi inaharibika na kuacha utandu unaoziba kabureta. Imwage, weka mpya.

Pili, plagi. Ifungue injini ikiwa imepoa. Ikiwa imelowa, mafuta yamezidi: ikaushe, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, kisha irudishe. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, mafuta hayafiki. Ikiwa nyeusi kwa masizi, isafishe kwa brashi ya waya. Plagi iliyochakaa ibadilishe.

Tatu, chujio la hewa. Salfa ni unga laini sana na chujio hujaa haraka. Likiziba, injini inakosa pumzi: inatoa moshi, inakula mafuta na nguvu inashuka. Chujio la sponji lioshe kwa maji na sabuni, likamue, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. La karatasi usilioshe, likung'ute taratibu au nunua jingine. Kamwe usiwashe mashine bila chujio. Vumbi litaingia kwenye silinda na kuikwangua.

Inawaka lakini salfa haitoki

Hapa kosa huwa ni unyevu. Salfa ikishika maji inafanya mabonge, yanaziba njia. Zima mashine, toa unga wote, safisha tangi la salfa kwa kitambaa kikavu, kisha kagua bomba kama limepasuka au limelegea kwenye maungio. Vunja mabonge kabla ya kujaza tena.

Upuliziaji hufanyika alfajiri, wakati kuna umande na upepo umetulia, ili unga ushike kwenye maua. Lakini umande huo huo haufai kwenye tangi. Funga mfuniko vizuri na usiache mfuko wa salfa wazi shambani.

Usicheze na moto

Vumbi la salfa hewani linashika moto. Cheche ya sigara, ya plagi iliyolegea au ekzosi ya moto inatosha. Salfa inayoungua hutoa hewa kali inayobana kifua.

Kwa hiyo usivute sigara, usijaze petroli injini ikiwa ya moto, na usijaribu cheche ya plagi karibu na mafuta au salfa. Kama mashine ilikuja na mnyororo mdogo au waya unaogusa ardhi, usiukate. Unapunguza umeme unaojikusanya kwenye bomba unga unapopita.

Vaa barakoa, miwani na nguo ya mikono mirefu. Macho yanayowasha usiku kucha si sehemu ya kilimo.

Msimu ukiisha

Usiiweke stoo ikiwa na salfa. Salfa na unyevu wa pwani hula chuma. Toa unga wote, washa mashine ikiwa tupu kwa dakika chache ili ipulize mabaki, kisha ifute.

Mwaga petroli, iache iungurume mpaka izime yenyewe. Ikishapoa, fungua plagi, dondoshea matone machache ya oili, vuta kamba taratibu mara mbili, rudisha plagi. Hifadhi pakavu, juu ya ubao.

Mwezi Mei, ijaribu. Ikigoma wakati huo, bado una muda wa kuipeleka Lindi mjini kwa fundi. Ikigoma Julai, utapanga foleni na wenzako huku maua yakinyauka.