Kenya na Tanzania: Wakulima wanaopanda miti ili iliwe na viwavi

Mkulima anapokuta majani ya mchungwa wake mchanga yametafunwa, jambo la kwanza analolifikiria ni dawa ya kunyunyizia. Lakini katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, na katika milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, wako wakulima waliojifunza kuyatazama majani hayo kwa jicho jingine. Kwao, jani lililoliwa ni dalili ya mavuno.

Zao lenyewe ni vipepeo. Wakulima hao hupanda miti na vichaka kandokando ya nyumba zao, hulea viwavi juu yake, kisha huuza pupa kwa ajili ya maonyesho ya vipepeo hai barani Ulaya na Marekani. Kazi hiyo imewapa wanakijiji kipato na sababu ya kuulinda msitu. Imeonyesha pia jinsi kipato hicho kinavyoweza kukatika ghafla.

Kila kipepeo na mmea wake

Kipepeo aliyekomaa hunyonya nekta ya maua ya aina nyingi, na kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba bustani yenye maua yatosha kumlea. Haitoshi. Kiwavi hana mrija wa kunyonyea. Ana taya za kutafunia, na viwavi wa aina nyingi hula majani ya mimea michache tu. Mmea wa namna hiyo twaweza kuuita mmea mlezi.

Jike hutua juu ya jani na kuligonga kwa miguu yake, ambayo ina uwezo wa kuonja. Hutaga mayai pale tu anapoitambua ladha ya mmea anaoutafuta. Kiwavi wa michungwa akihamishiwa kwenye mwembe hufa njaa huku amezungukwa na majani.

Kipepeo mkubwa wa rangi nyeusi na manjano anayejulikana kitaalamu kama Papilio demodocus, ambaye huonekana karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, hutaga kwenye michungwa, milimau na miti mingine ya jamii hiyo. Viwavi wake wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, jambo linalowaepusha na midomo ya ndege hao hao. Wakikua hugeuka kijani, na wakiguswa hutokeza pembe mbili laini zenye harufu kali nyuma ya kichwa. Graphium leonidas hupendelea mimea ya jamii ya mstafeli na mtopetope.

Danaus chrysippus, mwenye mabawa ya rangi ya chungwa, hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe ambayo wakulima wengi huing'oa kama magugu. Utomvu huo una sumu. Kiwavi huihifadhi mwilini, na kipepeo anayetokana naye huwa mchungu kwa ndege. Kinga hiyo ni madhubuti kiasi kwamba baadhi ya majike wa Papilio dardanus, wasio na sumu yoyote, huvaa rangi zinazofanana na zake ili nao waogopwe.

Kutoka yai hadi sandukuni

Ufugaji huanza kwa kukamata vipepeo wachache msituni kwa kibali. Wale wa jamii ya Charaxes, ambao hawavutiwi sana na maua, hunaswa kwa mtego wenye ndizi zilizoiva hadi kuchachuka. Jike huwekwa ndani ya kizimba cha neti pamoja na miche ya mmea mlezi ili atage. Viwavi wakianguliwa hulelewa kwenye miche, au juu ya matawi yaliyofunikwa kwa mifuko ya neti ili kuwazuia nyigu, sisimizi, buibui na ndege.

Baada ya wiki kadhaa za kula mfululizo, kiwavi huacha kula, hujishikiza mahali na kugeuka pupa. Hapo ndipo mkulima anapoanza kushindana na saa. Pupa wa aina nyingi hutoa kipepeo baada ya wiki mbili hivi. Wakichelewa kufika kituoni au uwanja wa ndege, mabawa hufunguka ndani ya sanduku na mavuno hupotea.

Mkulima mwenye viwavi wengi na majani machache hupata hasara vilevile. Ndiyo maana wenye uzoefu hupanda kwanza, kisha hufuga.

Msitu wenye faida

Mradi wa Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993 huko Gede, kaunti ya Kilifi, na husimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wakati huo wakulima wengi waliokuwa jirani na Arabuko-Sokoke waliuona msitu huo kama makao ya ndovu na nyani wanaoharibu mazao. Mradi ulileta hoja nyepesi kueleweka: vipepeo wazazi hutoka msituni, na msitu ukifyekwa, mbegu ya ufugaji itakwisha.

Mwaka 2003, mfano huo ulifuatwa nchini Tanzania katika Mradi wa Vipepeo Amani, wilayani Muheza, mkoani Tanga, chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania. Mamia ya wakulima walijiunga, wengi wao wakiwa wanawake, na sehemu ya mapato ilitengwa kwa maendeleo ya vijiji.

Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Hatua hiyo iliyagusa pia mashamba ya vipepeo, na wafugaji wa Amani wakapoteza soko lao. Mwezi Juni 2022 ilitangazwa kwamba marufuku ingelegezwa, lakini tangazo hilo likasitishwa karibu papo hapo. Miti waliyoipanda wakulima ilibaki na majani yake. Kilichokosekana ni mnunuzi. Msitu uliokuwa umepata thamani kwa njia hiyo ukabaki ukilindwa na sheria tu.

Bustani ya nyumbani

Asiye na nia ya kuuza pupa anaweza hata hivyo kuwa na vipepeo uani pake, kwa kuwa baadhi ya mimea walezi tayari imo katika bustani nyingi za Afrika Mashariki. Mchungwa uliokomaa hustahimili kuliwa na viwavi kadhaa bila kupunguza matunda kwa kiasi cha kutisha. Mche mchanga ndio unaoweza kubaki vijiti. Njia rahisi ni kuwaokota viwavi kwa mkono na kuwahamishia kwenye mchungwa au mlimau mkubwa, badala ya kunyunyiza dawa ambayo huua pia nyuki na nyigu wanaowadhibiti wadudu waharibifu.

Ni vyema pia kuacha kona moja ya ua isipaliliwe. Magugu yenye utomvu mweupe yanayoota hapo hayana kazi jikoni wala sokoni, na mtoto au mnyama asiyatafune; lakini Danaus chrysippus hana mahali pengine pa kutagia.